SOMO: Jinsi haidrojeni inavyopatikana kwenye makaa ya mawe

Wengi hudhani haidrojeni imejificha ndani ya makaa na kazi ni kuikamua tu. Imo kweli, ila ni kama asilimia 5 ya uzito. Nyingi inatoka kwenye maji. Makaa kazi yake ni kuyanyang'anya maji oksijeni yake.

Hatua ya 1: Makaa yanasagwa yawe unga laini. Wengine huuchanganya na maji ukawa kama uji mzito, ndipo wausukume kwa pampu.

Hatua ya 2: Hapa ndipo penyewe. Unga unaingia tanurini pamoja na oksijeni na mvuke, joto likiwa nyuzi 1,300 hadi 1,600 za Selsiasi. Oksijeni inatolewa kwa ubahili, maana ikizidi makaa yote yanaungua na unaambulia hewa ukaa (CO2). Sehemu ya makaa inaungua ili kuleta joto, iliyobaki inakutana na mvuke:

C + H2O → CO + H2

Kwa joto hilo hata majivu yanayeyuka. Yanatiririka hadi kwenye maji chini ya tanuri na kuganda papo hapo, vipande vyeusi vinavyong'aa kama chupa iliyovunjika.

Hatua ya 3: Ile CO, yaani kaboni monoksaidi, haitupwi. Inaongezewa mvuke na kupitishwa kwenye kichocheo, kitu kinachoharakisha badiliko bila chenyewe kuisha:

CO + H2O → CO2 + H2

Hatua hii yenyewe inatoa joto, kwa hiyo ukiizidishia moto unaiharibu.

Hatua ya 4: Salfa na hewa ukaa zinaoshwa, mara nyingi kwa methanoli baridi kuliko barafu. Mabaki yananaswa na chembechembe ndani ya mitungi yenye shinikizo, haidrojeni inapita.

MASWALI

Mkuu, nikipasha makaa kwenye pipa lililofungwa bila hewa, sipati gesi?
Unapata. Ndivyo koki, makaa magumu ya kuyeyushia chuma, inavyotengenezwa, kwenye nyuzi 1,000 hivi, na zaidi ya nusu ya ujazo wa gesi yake ni haidrojeni; methani ni kama robo. Inatoka pia lami na amonia. Mhandisi William Murdoch aliwasha taa nyumbani kwake Redruth, Uingereza, mwaka 1792 kwa gesi ya namna hii. Ila wewe usijaribu: pipa litalipuka, na kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, inaua kimya kimya.

Mbona wanasema haidrojeni hii ni chafu, wakati ikiungua inatoa maji tu?
Piga hesabu. Jumlisha milinganyo miwili ya hapo juu: kilo 12 za kaboni zinatoa kilo 4 za haidrojeni na kilo 44 za hewa ukaa. Ni 11 kwa 1, na bado hujahesabu makaa yaliyoungua kwa ajili ya joto. Kiwandani inakaribia 20 kwa 1.

Kwa nini wasitumie hewa ya kawaida, oksijeni si ghali?
Ghali kweli. Lakini asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, na ikishaingia kuitoa ni shughuli. Labda mtengeneza mbolea ndiye haimkeri sana, kwa kuwa amonia ya mbolea yake inaihitaji.