Kuhakiki saini za wananchi wanaoomba mkutano wa kijiji

Mwongozo huu ni kwa watendaji wa vijiji vya Rungwe, Busokelo na kwingine Mbeya wanaoletewa karatasi za saini.

1. Pokea mbele ya walioleta. Gonga mhuri na tarehe kila karatasi, andika namba ya ukurasa na jumla yake, mfano 1/14, 2/14 hadi mwisho, kisha piga mstari kwenye nafasi zilizobaki wazi ili jina lisichomekwe baadaye.

2. Hakiki ukaazi kwa rejista ya wakazi, ukiwa na mwenyekiti wa kitongoji husika. Usimkate mtu kwa sababu hayumo kwenye daftari la wapiga kura: mkutano mkuu ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, hata kama alijiandikisha Mbarali.

3. Tafuta waliojirudia. Hapa ndipo siku inapoishia. Ukipanga kwa majina utawakosa: Tusajigwe ukurasa wa 2 ni Tusa ukurasa wa 9, Lusekelo kaandikwa Rusekelo, mama katumia ukoo wa baba huku na wa mume kule. Ingiza orodha kwenye Excel, panga kwa namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa). Ina tarakimu 20, na 8 za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, hivyo umri nao unauona papo hapo. Safu hiyo iweke kama maandishi kabla ya kuingiza chochote, la sivyo Excel itageuza tarakimu za mwisho kuwa sifuri na watu wawili wataonekana mmoja. Tarehe zikifanana peke yake si ushahidi. Kuna mapacha, na wengi wameandikiwa Januari 1. Asiye na NIDA, linganisha kaya na kitongoji. Aliyejirudia hafutwi kabisa: saini moja inabaki.

Usihakiki kwa sampuli. California hufanya hivyo kwa maombi yenye saini zaidi ya 500, lakini saini mbili za mtu mmoja ni nadra kuangukia pamoja kwenye sampuli, ndiyo maana wana hesabu maalumu ya kufidia. Kijijini pitia zote.

4. Saini. Majina kuandikwa kwa mwandiko mmoja si kosa, wazee wengi huandikiwa. Saini zenyewe zikifanana ndipo uwafuate nyumbani. Dole gumba likubali, shahidi akiwepo.

5. Bandika matokeo ubaoni: zilizopokelewa, zilizokubaliwa, zilizokataliwa na sababu, kwa namba ya ukurasa na mstari. Namba za NIDA zisionekane.