Somo: Kumbeba njiti kifuani, hatua kwa hatua

Wiki hii watu watatu wameniuliza jambo moja: "Tumeruhusiwa, sasa kangaruu tunaifanyaje nyumbani?" Kangaruu ndiyo huko kumbeba njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, kifuani ngozi kwa ngozi. Nimeona niandike somo zima niweke hapa kwenye kikundi chetu.

Mimi si muuguzi. Mwaka 2018 nilijifungua nikiwa na wiki 32, mtoto kilo 1.6. Tangu hapo nimekuwa nikiwasaidia kina mama wanaotoka wodini na kichanga ambaye hata bibi yake anaogopa kumshika.

Nianze na kosa langu. Mahali pa kwanza nilipolazwa niliambiwa nimweke kifuani "kidogo kidogo", nusu saa asubuhi, nusu saa jioni. Muda uliobaki alilala peke yake, kazungushiwa mablanketi kama mzigo wa mitumba. Siku ya tatu nikamshika nyayo, baridi kama samaki wa kwenye barafu, na ziwa alikuwa ameshaliacha. Njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Blanketi halizalishi joto, linatunza tu lile lililopo, na yeye la kutunza hana. Kifua chako ndicho kinachompa. Kwa hiyo kwenye somo hili lote nitakusumbua na kitu kimoja: saa. Umembeba kwa saa ngapi leo?

Njia yenyewe ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na inkubeta chache, zile mashine za kuwatunzia vichanga joto, vichanga wanalazwa wawili watatu kwenye moja na kuambukizana. Akawarudisha kwenye vifua vya mama zao. Kwa miaka mingi watu waliichukulia kama njia ya hospitali zisizo na vifaa. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani kwenye hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, Muhimbili. Walikuwa watoto zaidi ya 3,200 wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walifariki 12 katika kila 100. Wale waliosubirishwa mpaka hali itulie walifariki karibu 16. Siku hizi shirika hilo linasema saa 8 hadi 24 kwa siku. Mimi huwaambia wenzangu walenge 20, maana ukilenga 8 utaishia 3.

HATUA YA 1: Vitu
Kanga kuukuu iliyokwisha lainika (mpya ina wanga, inateleza na fundo halikai), kofia, soksi, nepi, na blauzi ya kufungua mbele. Basi. Usimvalishe fulana, ngozi iguse ngozi.

HATUA YA 2: Kumfunga
Nawa mikono. Vua sidiria. Msimamishe mtoto katikati ya matiti, kifua chake kwenye kifua chako, miguu imekunjwa na kupanuka kama chura, mikono imekunjwa pia. Kichwa kigeuze upande, kidevu kiinuke kidogo tu. Kidevu kikizama kifuani, njia ya hewa inabanwa, na njiti hana nguvu ya kujiinua.

Sasa kanga. Ukingo wa juu uishie chini kidogo ya sikio lake. Kaza sehemu ya kifuani, lakini tumboni pake acha nafasi, kwa sababu anapumua kwa tumbo. Ukimaliza simama, tembea hatua tatu. Akiteleza, fungua uanze upya. Mimi siku ya kwanza nilifungua mara sita, jasho linanitoka.

HATUA YA 3: Kulisha
Kila baada ya saa mbili hadi tatu, usiku na mchana, hata kama amelala. Wengi wakiwa chini ya wiki 34 hawajaweza kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio. Kamua kwa mkono, mpe kwa kikombe kidogo kama kile cha kahawa ya barazani. Gusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, subiri, atatoa ulimi alambe mwenyewe. Usimmiminie. Kiasi fuata ulichoandikiwa wodini, kinaendana na uzito wake.

HATUA YA 4: Kulala
Egemea mito, mgongo umeinuka nusu, usilale chali kabisa. Mtoto anabaki pale pale.

HATUA YA 5: Kupokezana
Hapa ndipo wengi wanashindwa, na si kwa uvivu. Nani atapika, nani atafua, wewe mwenyewe utaoga saa ngapi? Kabla hujatoka wodini taja watu wawili wa kukupokea. Bibi, shangazi, dada, baba mtoto, yeyote asiye na mafua wala kikohozi. Mama yangu alikuja kutoka Korogwe akakaa mwezi mzima. Tulibandika karatasi mlangoni, kila anayepokea anaandika saa. Jioni tunajumlisha. Siku ya kwanza nilidhani nimebeba mchana kutwa, karatasi ikaonyesha saa saba.

HATUA YA 6: Kliniki
Apimwe uzito kwa tarehe ulizopangiwa. Usisubiri tarehe ukiona haya: amegoma kunyonya, amepoa na hapati joto hata kifuani, homa, anapumua kwa shida au kifua kinabonyea ndani, degedege, manjano inayofika viganjani na nyayoni, kitovu chekundu au kina usaha. Akisahau kupumua, msugue mgongo au nyayo mara moja, kisha hospitali, hata kama ameamka na anaonekana mzima. Nenda naye akiwa kifuani.

MASWALI YA WANACHAMA

Nilipasuliwa, kidonda bado kinauma. Naweza?
Unaweza. Mtoto anakaa juu, miguu yake haifiki kwenye mshono. Fundo lipeleke ubavuni.

Mama mkwe ameweka jiko la mkaa chumbani, na anataka kumwogesha kila siku maji ya moto.
Jiko litoke leo hii. Moshi wake mbaya hauonekani wala hauna harufu, unaua mtu mzima usingizini, sembuse njiti. Kuoga kusubiri, mpanguse kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu sehemu zinazochafuka. Lakini usigombane na mkweo. Mwambie, "Mama, naomba unipokee mtoto nioge." Akishambeba kifuani saa mbili, joto la mkaa hataliulizia tena.

Mapacha, kilo 1.7 na 1.9. Nibebe yupi?
Wote, mmoja kila upande wa kifua, kanga moja pana. Ukichoka, mmoja apewe baba.

Mume wangu anasema hiyo ni kazi ya wanawake, halafu ana nywele kifuani.
Nywele hazina neno, aoge tu. Wangu alikataa wiki nzima. Siku alipokubali alikaa kwenye kochi bila kutikisika saa tatu, simu inaita hapokei, anaogopa kumwamsha.

Wangu ana miezi sita, hawezi kukaa, wa jirani anakaa. Alizaliwa miezi miwili kabla.
Toa hiyo miwili. Kwa makuzi mhesabie miezi minne, na endelea kutoa hivyo mpaka afike miaka miwili. Wa miezi minne hatarajiwi kukaa. Ila chanjo usizirudishe nyuma, ile ya wiki ya sita inahesabiwa kuanzia tarehe aliyozaliwa. Na jirani mwambie hesabu hiyo hiyo.

Likizo yangu inaisha mtoto ana kilo 2!
Mwone ofisa utumishi wako. Sheria ya kazi ilirekebishwa mwaka 2025: aliyejifungua njiti anaongezewa muda uliobaki mpaka zitimie wiki 40 za ujauzito. Nenda na karatasi ya hospitali inayoonyesha alizaliwa wiki ya ngapi.

Dada, wangu tangu juzi nikimfunga analia, anasukuma kwa miguu, anatoa mikono nje. Anaumwa?
Ananyonya?

Sana.
Ana kilo ngapi?

2.6 jana kliniki.
Basi mfungulie, kakuchoka huyo.