Lose au loose? Maneno ya Kiingereza yanayowachanganya wahudumu wa wageni

Ukihudumia wageni Mji Mkongwe au Nungwi, anza na sauti, tahajia baadaye. Sikio la Mswahili linajua tofauti ya s na z, kama "saa" na "zaa". Weka kidole kooni utamke: kwenye z koo hutetemeka, kwenye s halitetemeki.

"Lose" huishia kwa z, maana yake kupoteza. Abiria wa boti ya Pemba mwambie "Don't lose your ticket." "Loose" huishia kwa s, nayo ni kulegea, kama kamba ya ngalawa: "The rope is loose." Zile o mbili zisikuhangaishe, irabu ni ile ile. Vivyo hivyo "price" ya s ni bei, "prize" ya z ni zawadi ya mshindi. "Advice" ya s ni ushauri, na haina wingi, basi usiseme "advices". "Advise" ya z ni kushauri.

"Desert" na "dessert" zote zina z ya kusikika katikati, kwa hiyo hapo kinachotenganisha ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana mhudumu anayetaka kumletea mgeni kitindamlo humletea jangwa. Jangwa, "desert", hukazwa mwanzo; kitindamlo, "dessert", hukazwa mwisho. Gonga meza kwenye silabi yenye mkazo, mara kumi kila neno, hadi ulimi uzoee.

Kwenye mashamba ya viungo, v ya "cloves" lazima isikike. Ukiimeza, mgeni ataelewa "clothes", yaani kwenye jamvi mmeanika nguo, si karafuu. Kanga isiyoshonwa ni "cloth".

Jozi ngumu kuliko zote ni "borrow" na "lend", ingawa hazifanani hata kidogo. Sisi tuna "kuazima" moja: "niazime kalamu", "nimeazima kalamu". Hapo ndipo inapozaliwa "borrow me your pen", ambayo si sahihi. Anayepokea ndiye "borrow", anayetoa ndiye "lend": "May I borrow your pen?" au "Can you lend me your pen?"

Chukua jozi moja kwa siku. Andika sentensi mbili za kazini kwako, uzisome kwa sauti asubuhi na usiku. Siku ya 7 mwenzako akutajie Kiswahili bila mpangilio, wewe ujibu kwa Kiingereza. Utakayokosea, irudie wiki inayofuata.