SOMO: Kufunga spika yenye ampu ndani, na kwa nini inakwaruza

Wakuu, swali la "nimenunua spika mpya inakwaruza, nimeuziwa feki?" linarudi kila wiki. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia hii bila maneno mengine.

Nazungumzia spika za kubeba za inchi 10, 12 au 15 zenye ampu ndani, zinazochomekwa kwenye umeme au zenye betri. Kama nyuma ya spika yako hakuna pa kuchomeka umeme na haina betri, inahitaji ampu ya nje na somo hili halikuhusu.

1. Umeme. Soma kibandiko cha nyuma. Zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani nyingi ni za volti 120. Nyingine zina swichi ya kuchagua volti, nyingine hujirekebisha zenyewe, nyingine zitaungua ukizichomeka kwenye 230. Kwa jenereta: iwashe, iache itulie, ndipo uchomeke vyombo.

2. Stendi. Tundu la chini ya spika ni la milimita 35, stendi karibu zote zinaingia. Panua miguu, kaza, weka pini. Honi (mdomo wa juu wa spika unaotoa sauti kali) ipite juu ya vichwa vya walio mbele, la sivyo wao wanaumia masikio na wa nyuma wanasikia besi tupu.

3. Mahali. Spika mbele, maiki nyuma yake. Ukiisukuma ukutani besi inaongezeka, kwenye kona inaongezeka zaidi.

4. Kebo. Kutoka kwenye mikisa (meza ya kuchanganyia sauti) tumia XLR (kebo ya pini tatu); hata mita 50 haina shida. Kebo ya kawaida ya gitaa isizidi mita 6 hivi, baada ya hapo trebo inaanza kupotea na mvumo unaingia. Ile kebo nene ya kutoka kwenye ampu kwenda kwenye spika isiyo na ampu msiitumie hapa hata kama jeki zinafanana: haina wavu wa kuzuia mvumo.

5. Viwango. Hapa ndipo spika zinapouawa, kwa hiyo someni polepole.

Maiki inatoa umeme mdogo sana, milivolti chache tu, yaani visehemu vichache vya elfu moja ya volti. Mikisa inatoa karibu volti 1 na zaidi. Ndiyo maana nyuma ya spika kuna swichi ya MIC na LINE. Ukiiweka MIC, spika inaikuza sauti mara nyingi sana kabla haijafika popote. Maiki ikichomekwa moja kwa moja kwenye spika: MIC. Mikisa, kinanda au simu: LINE. Ukichomeka mikisa huku swichi iko MIC, sauti inaharibika mlangoni, kabla ya kufika kwenye nobu ya voliumu. Ukipunguza voliumu unabaki na mkwaruzo uleule, ila wa chini. Basi kipimo ni hiki: mkwaruzo usioondoka ukipunguza voliumu unaanza kabla ya sauti kufika kwenye hiyo nobu, na huko ndiko mtakakoutafuta.

Utaratibu ni kutoka mdomoni kwenda kwenye spika, msirudi kinyume. Voliumu ya spika iwe sifuri. Kwenye mikisa bonyeza PFL ya chaneli (kitufe kinachoonyesha kiwango cha chaneli hiyo peke yake), mwimbaji aimbe kwa nguvu atakayotumia jukwaani (siyo "cheki, cheki" ya kunong'ona), halafu pandisha geini (nobu ya kukuza sauti inayoingia) mpaka taa zicheze karibu na 0. Taa nyekundu isiwake hata kwenye kibwagizo. Mikisa isiyo na mita: pandisha mpaka nyekundu imulike kidogo, kisha rudisha mpaka isimulike tena, na rudisha kidogo zaidi. Sasa fada (kitelezi cha sauti) ya chaneli kwenye 0, fada kuu kwenye 0. Ndipo uende kwenye spika upandishe taratibu mpaka ukumbi utoshe.

Onyo la kwanza: taa ya LIMIT kwenye spika ikimulika ngoma inapopigwa, sawa. Ikikaa imewaka, punguza. Onyo la pili, ambalo watu hawalijui: limita (kizuizi cha ndani cha spika, ndicho kinachowasha taa hiyo) inaona ukubwa wa sauti tu, haiwezi kujua kwamba mikisa tayari imeikata vilele. Sauti iliyokatwa vilele ina joto jingi kwa ukubwa uleule, na anayelipia ni twita (kile kidude cha sauti kali ndani ya honi). Spika inaweza kuungua bila taa yake kulalamika sana. Onyo la tatu: acheni kupandisha besi na trebo mpaka mwisho kwa sababu "ndio utamu". Kila desibeli 3 unazoongeza zinadai nguvu ya ampu mara 2. Desibeli 6, mara 4. Utamu wako umekula ampu yote kabla kwaya haijaanza.

6. Kuwasha na kuzima. Mikisa kwanza, spika mwisho. Kuzima, spika kwanza.

---

MASWALI

Dj_Kibonge: Mkuu yangu inakwaruza hata nikipunguza voliumu. Itakuwa feki?

Jibu: Hatua ya 5, aya ya pili.

Dj_Kibonge: Haina hiyo swichi.

Jibu: Piga picha nyuma uweke hapa.

Dj_Kibonge: Nimeiona. Ilikuwa MIC.

Jibu: Haya.

Sopranoo: Samahani kaka, naimba na biti kutoka kwenye simu. Nimenunua kebo yenye pini ndogo upande mmoja na jeki kubwa upande wa pili, nachomeka kwenye spika. Nikipiga wimbo uliokamilika, mwimbaji anatoweka, inabaki mwangwi na kinanda kwa mbali. Simu nyingine ni vilevile. Inawezekanaje?

Jibu: Swali zuri, na umeshapunguza kazi kwa kujaribu simu ya pili. Jeki yako ina pete mbili nyeusi, yaani njia mbili: kushoto na kulia. Lakini tundu la spika linazichukulia njia hizo kama nakala mbili za sauti moja, ya pili ikiwa imegeuzwa, hivyo linaondoa moja kwenye nyingine. Kilicho sawa pande zote mbili kinajifuta. Mwimbaji, besi na kiki (ngoma kubwa ya mguu) huwekwa katikati, ndiyo maana wanapotea wao. Nunua kebo ya Y, pini ndogo kwenda jeki mbili zenye pete moja moja, uchomeke chaneli mbili za mikisa. Kama spika ina tundu moja tu, chomeka jeki moja ya hiyo Y, kisha kwenye mipangilio ya simu washa sauti ya mono. Usiwashe mono ukiwa na kebo ya sasa, utapata kimya kitupu.

Sopranoo: Na Bluetooth?

Jibu: Kwa biti inafaa, tatizo hilo halipo. Kwa kinanda cha moja kwa moja usijaribu. Sauti inachelewa kuliko kidole.

Mzee wa Solo: Gitaa langu la umeme moja kwa moja kwenye LINE limepooza, kama limefunikwa blanketi.

Jibu: Pikapu (kinasa sauti cha gitaa) inataka tundu la upinzani mkubwa, karibu ohmu milioni 1. LINE nyingi ni elfu 10 hadi 20. Tafuta tundu lililoandikwa Hi-Z au INST, au pita kwenye DI aktivu (kisanduku chenye umeme wake kinachoandaa sauti ya chombo iingie kwenye mikisa). Pedali yenye bafa (saketi inayolinda sauti ya gitaa isipooze) ikiwa mbele nayo inasaidia.

Fundi Umeme: Laptopu ikichajiwa spika inavuma. Mimi nakata ile pini ya tatu kwenye plagi, mvumo unaisha.

Jibu: Usimfundishe mtu hivyo. Pini hiyo ndiyo inayofanya fyuzi ikatike pale waya wa moto unapogusa bodi ya chuma ya chombo. Ukiikata, njia iliyobaki ni mwimbaji mwenye mdomo kwenye maiki ya chuma. Chomoa chaja; mvumo ukiisha, weka DI yenye swichi ya GND LIFT kati ya laptopu na mikisa. Hiyo inakata ardhi ya sauti tu.

Fundi Umeme: Miaka yote hakuna aliyekufa.

Jibu: Nimeshajibu.

Besi_Mwanza: Yangu imeandikwa wati 2000, ya jirani 500, lakini ananizidi.

Jibu: Yako ni wati za kilele, yake pengine za mfululizo. Linganisha SPL ya juu (ukubwa wa sauti inayotoka, kwa desibeli) kwenye kijitabu. Wati mara 2 ni desibeli 3 tu, tofauti ndogo masikioni.

Kwaya_Pemba: Ya betri, je? Tunaitumia mara moja moja.

Jibu: Ya risasi, ile nzito: ichaji leo leo baada ya kazi, na kila mwezi hata kama imelala. Ikikaa tupu inakufa. Ya lithiamu ihifadhi ikiwa nusu, mahali pa kivuli. Na kama mnapiga ufukweni, futa skrubu na matundu kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji yasiyo ya chumvi na kukamuliwa, kisha kikavu. Chumvi inaanza na XLR.