Masuke mabichi ya majani pori kwa ndege wa tunduni

Chiriku au kasuku mdogo anayelishwa uwele na ulezi mkavu mwaka mzima hushiba, lakini hapati kazi ya kupekua, wala mbegu changa ambazo wenzake wa porini hulishia makinda. Masuke mabichi humpa vyote viwili bila gharama. Hatari kubwa iko mahali unapochumia, kwa hiyo chagua eneo kabla ya kuchagua jani.

Epuka kingo za barabara kuu, mitaro ya maji machafu na mashamba yanayopigwa dawa ya magugu. Penye mpunga, mtama au ngano, uliza wenyeji kama kumenyunyiziwa dawa ya kweleakwelea. Fenthioni, sumu iliyomo katika dawa hiyo, hutumika kuua ndege, na haimbagui chiriku wako. Wakikujibu ndiyo, usichume hapo msimu huo wote.

Jani zuri la kuanzia ni Panicum maximum, mmea wa asili wa Afrika, uotao kwa mafungu kwenye vivuli vya miti na mashamba yaliyoachwa, mara nyingi hadi kimo cha mtu. Suke lake limetawanyika, na matawi ya chini kabisa hutoka mahali pamoja yakizunguka shina: hicho ndicho kitambulisho. Punje ina urefu wa milimita 3 hivi. Vaa mikono mirefu, majani yake hukata.

Bana punje kwa ukucha. Ikitoa maji meupe kama maziwa, au uji mzito, ndiyo yenyewe. Isipotoa kitu ni pepe, na jani hili lina mapepe mengi, kwa hiyo jaribu punje kumi za masuke tofauti kabla ya kukata. Pima katikati ya suke, maana ncha hukomaa kwanza na kupukutika huku chini kukiwa bado kuchanga.

Usichume maramata, Setaria verticillata, yanayong'ang'ania nguo. Vinywele vyake vina vikulabu vinavyoweza kumnasa ndege mdogo asijinasue. Acha pia masuke yenye miiba au ncha kali kama sindano. Mtama mwitu una sumu ya sayanidi katika majani machanga na machipukizi. Ndege hudonoa majani pia, kwa hiyo ni salama zaidi kuuacha kabisa. Angalia pia kusiwe na mnanaha, mmea wenye sumu, uliojichanganya ndani ya fungu.

Suke lenye unga mweusi lina fugwe, ugonjwa wa kuvu. Lenye matone ya kunata, au vipembe vyeusi palipopaswa kuwa na punje, lina kuvu yenye sumu. Ukiona moja, hama fungu zima.

Kata umande ukishakauka, ukiacha shina la sentimita 20 hadi 30. Beba kwa kikapu au kitambaa. Ndani ya mfuko wa plastiki majani hupata joto, huvunda, na ukungu huanza kabla hujauona. Nyumbani suuza kwenye beseni kwa maji mawili, kung'uta, kisha ning'iniza kivulini hadi maji yakauke.

Siku ya kwanza toa suke moja kwa ndege wawili. Kinyesi kikilainika kidogo ni kwa sababu ya maji ya mbegu. Kikiwa majimaji kabisa, simamisha. Baada ya wiki moja unaweza kufika masuke matatu hadi matano kwa siku. Yabane kwenye nyaya karibu na kijiti cha kutulia, kwa kibanio cha nguo. Uzi hunasa miguu. Jioni ondoa mabaki yote.

Chakula kikavu kisikatike. Kipulize kila asubuhi: chombo kinachoonekana kimejaa mara nyingi ni makapi matupu.

Kwenye friji, ndani ya kitambaa kikavu, masuke hukaa siku tatu. Kwenye friza, ndani ya mfuko usiopitisha hewa, hukaa hadi miezi miwili. Yeyusha ya siku hiyo tu, na usiyagandishe tena.