Kabla hujawekewa kitanzi

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, na kitanzi changu cha kuzuia mimba kina mwaka wa saba. Wateja huniuliza nikiwa nawapima kiuno: "Eti dada, kinapanda mpaka moyoni?" Hakipandi. Kinakaa ndani ya mfuko wa uzazi, nao hauna njia ya kwenda moyoni.

Changu ni cha shaba: kijiplastiki chenye umbo la T, kama sentimita tatu na nusu, kimezungushiwa waya mwembamba. Shaba ndiyo inayozidhoofisha mbegu za mwanaume zisilifikie yai. Hakina homoni, na aina hii huweza kukaa hadi miaka 12. Ukikitoa leo, unaweza kushika mimba mwezi huohuo. Kipo pia chenye homoni, ambacho hupunguza damu ya hedhi.

Ukifika kliniki ya uzazi wa mpango usifiche kitu: hedhi ya mwisho, uchafu wenye harufu, damu inayotoka ovyo. Si lazima uwe kwenye siku zako, mradi ihakikishwe huna mimba. Aliyejifungua huwekewa ndani ya saa 48. Zikipita, asubiri wiki nne. Mimi nilipowekewa niliumwa tumbo kama la hedhi kwa dakika chache tu.

Kilichonitesa ni damu, kwa sababu hakuna aliyenitayarisha. Pedi tatu kwa siku zikawa sita. Nilishona nimejifunga kitenge cheusi, na mwezi wa pili nikaenda nikitolewe. Nesi aliyenipokea alikaa nami, akaniambia damu na maumivu huzidi miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, kisha hupungua. Akanipa ibuprofeni ninywe baada ya kula. Mwezi wa tano nilikuwa sawa. Dada, kama una upungufu wa damu, useme kabla ya kuwekewa.

Mara mojamoja baada ya hedhi nanawa mikono, naingiza kidole, nazigusa nyuzi za kitanzi mlangoni mwa kizazi. Nisipozigusa, au nikigusa plastiki yenyewe, nitatumia kondomu na kurudi kliniki. Homa yenye maumivu makali chini ya kitovu, au hedhi kukosekana, ni safari ya siku hiyohiyo. Na kondomu ina kazi yake, maana kitanzi hakizuii VVU wala kaswende.

Mume wangu alisema nyuzi zinamchoma. Usizivute wala kuzikata mwenyewe. Nilirudi kwa nesi, akazipunguza kwa mkasi, nikawahi kufungua duka.