Ukitaka bibi akusimulie habari za gongo

Mara ya kwanza niliharibu. Nilifika Kibosho, kijijini juu ya mji wa Moshi, Jumamosi asubuhi, daftari mkononi, simu inarekodi, nikamuuliza jirani wa mama mkwe wangu: "Shikamoo bibi. Eti zamani mlikuwa mnapika gongo?" Akanitazama, akakung'uta kanga yake, akasema, "Marahaba. Umetumwa na nani?" Mazungumzo yakaishia hapo, hata chai sikupewa.

Kwa hiyo wewe anza na mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, maana mbege haina kesi; gongo, pombe kali ya kienyeji, inayo. Beba sukari na majani ya chai, fika jioni, pokea kata kwa mikono miwili, kunywa. Sifia mso, uji ule wa ulezi. Uliza nani aliyebandua gome la msesewe, mti unaotia uchungu, kwa kuwa uchungu umekaa sawasawa. Mtu akishakueleza jinsi ndizi zilivyochemka mpaka zikawa nyekundu, wasiwasi umeshamtoka.

Halafu uliza habari za maji, achana na pombe. Gongo ni mvuke: unapita kwenye mrija, unapoa, unadondoka. Bila maji ya baridi hupati kitu. Basi uliza: "Mfongo wenu zamani ulipita wapi?" Mfongo ni mfereji wa maji ya mlimani. Mimi niliporudi na swali hilo, bibi yule yule aliinuka mwenyewe akanipeleka chini ya kihamba, shamba la nyumbani, nyuma ya migomba. Pana jiwe bapa, jeusi kwa masizi mpaka leo. "Hapa lilikaa pipa. Mrija wa shaba ulilala hivi, maji yakiupitia juu usiku kucha." Binti yake mkubwa alikuwa anawekwa njiani, akiona mgambo, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti.

Mwaka usimuulize. Atakwambia mtoto yupi alikuwa mgongoni, nawe ukahesabu. Miaka ya sheria nenda nayo kichwani. Yetu Tanzania ya kudhibiti upikaji wa gongo ni ya 1966, na imeitwa kwa jina la Moshi. Si mji wetu, ni pombe ya moshi, lakini mara ya kwanza kuiona nilicheka peke yangu.

Uganda walikuwa wametangulia, 1965: enguli, gongo ya kwao, ipikwe kwa leseni, iuzwe kwa kiwanda cha serikali, isafishwe na kutiwa chupani kama Uganda Waragi. Naona walikuwa wajanja kuliko sisi, ingawa mama wa kijijini asiye na leseni alibaki mhalifu vilevile.

Kenya ndiko pa kukaa zaidi, kwa sababu huku kwetu kila ukoo una mtu aliyevuka mpaka pale Holili kwenda Taveta, awe ameolewa au anafanya biashara. Uliza tu: "Ng'ambo waliiitaje?" Chang'aa. Sheria ya 1980 iliifuta kabisa, kuipika na kuinywa vyote kosa. Ikapikwa kwa kujificha miaka thelathini, na anayejificha hana wa kumkagua. Novemba 2000, jijini Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe ya kumi kumi iliyokuwa na methanoli, na wengine wakapofuka. Mwaka 2010 ikaja sheria ambayo Wakenya wanaiita ya Mututho, kwa jina la mbunge aliyeipeleka. Hiyo iliondoa marufuku ya chang'aa, kwa sharti iwe kwenye chupa ya kioo isiyopungua mililita 250. Nilipomweleza bibi hayo alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na waliofungwa kabla?" Sikuwa na jibu.

Viroba, pombe kali ya vifuko vya plastiki, waulize bodaboda, wazee havikuwahusu. Kwetu vilipigwa marufuku 1 Machi 2017, Uganda 2019.

Jina la mtu usiliandike popote. Kupika gongo bado ni kosa, na kijiji ni kidogo. Mimi huandika "bibi wa jiwe bapa" na ninamjua. Simu iache mfukoni. Ukitoka, simama kituo cha daladala uandike yote kabla hayajakutoka.

Mrija alinionyesha safari ya tatu. Ameukata ukabaki kipande kifupi, akakinyoosha, na sasa anapulizia moto jikoni.